Baba Yuko Kulamawe

Mguu wa Huqa uliamka kabla ya Huqa mwenyewe. Ndivyo mkewe Tiya alivyozoea kusema, wala si kwa dhihaka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Adhana ya alfajiri haijaisha, mguu tayari unapwita, nzi wa kwanza ameshaujua mlango, na mzee mwenyewe bado amefumba macho akijifanya amelala ili mkewe aswali kwa raha. Tiya alijua anajifanya, naye akajifanya hajui. Nyumba yao ya mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, ilikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, ya kujua na kujifanya hujui, na bila hayo sijui wangeishi vipi.

Akishaswali alichota maji kwenye pipa, akayachemsha kwa jiko la makaa, akatia chumvi, akayaacha yapoe mpaka kiwiko kiweze kuyavumilia. Alipima kwa kiwiko kwa sababu vidole vya mwanamke aliyepika maisha yake yote ni vya uongo, havijui tena moto ni nini. Kisha akavuta beseni la bluu, lile lisilofanyiwa kazi nyingine yoyote, akaanza kufungua vitambaa. Vitambaa vyenyewe vilikuwa leso zake za zamani alizozichana. Alizifua kila siku na kuzianika ndani, kwenye kamba iliyofungwa nyuma ya kabati, maana ukizianika nje majirani huzisoma kama gazeti.

Mguu ulikuwa wa kulia. Ulivimba kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo, ukawa mgumu kama kiazi kikuu kilichotoka kuchimbuliwa, na ulikuwa na matundu madogo yaliyotoa maji pamoja na punje nyeusi, ndogo kama vumbi la majani ya chai linalobaki kwenye kichujio. Siku nyingi haukuuma sana, na hilo ndilo lililomponza Huqa. Ungeuma tangu mwanzo angekimbia hospitali. Lakini mwiba ulimchoma akichunga ngamia huko nyikani Kulamawe, akauchokoa kwa sindano ya kushonea viatu, akasahau. Nani katika watu wa ngamia anayehesabu miiba? Uvimbe ukaja polepole kama mgeni asiye na haraka. Wakauchoma kwa chuma cha moto, wakaupaka mafuta ya mkia wa kondoo, wakausomea, na miaka ikapita.

Walipofika kwa tabibu, kijana wa Kimeru aitwaye Mwirigi, mguu ulikuwa umeshakuwa na tabia zake. Mwirigi aliwaeleza kwamba ni kuvu inayoishi kwenye udongo na kwenye miiba, ikiingia mwilini inakula nyama taratibu hadi mfupa. Dawa zake humezwa muda mrefu, na kuna wakati mtu humeza na bado mguu ukakatwa. Akasema pia, na akarudia kwa sababu aliona nyuso zao, kwamba ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Tiya akamwambia hilo yeye analijua, analala naye kitanda kimoja. Akawaambie watu wa mtaani.

Watu wa mtaani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema Huqa alimpiga mamake teke alipokuwa kijana. Wengine walisema alikula yamini ya uongo katika kesi ya kisima. Mamake Huqa alifariki akiwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mwanawe, na Tiya alikuwepo, lakini utamfuata nani nyumbani kwake kumweleza hayo? Uvumi hauna mlango wa kubishia hodi.

Kilichomuuma Tiya zaidi ni maziwa. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni tangu Amran, binti yake, yuko mgongoni. Wateja walimjua kwa moshi wake. Kuna vijiti maalumu vya kufukizia vyombo, na Tiya alijua kufukiza jerikeni mpaka maziwa yakae siku mbili bila kugeuka na yawe na ile ladha ya moshi ambayo mtu wa Isiolo akiikosa hasemi amekunywa maziwa. Kisha mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, mbele ya watu, kama mikono hiyo ndiyo inayoosha ule mguu. Hakutukana, aliuliza tu. Kufikia mwisho wa mwezi Tiya alikuwa akirudi nyumbani na jerikeni zimejaa.

Rafiki yake Asho, Msomali wa mitaa ya huko nyuma ambaye walianza biashara pamoja, ndiye aliyetafuta njia. Tiya akawa anafukiza vyombo vya Asho nyumbani kwa Asho, na Asho anauza. Wateja wakarudi kusifu moshi. Asho alikuwa akirudi kutoka sokoni anacheka mpaka anashika mbavu, anamhesabia Tiya nani na nani wamekunywa, na yule muulizaji akiwemo. Tiya naye alicheka siku za kwanza, na baadaye akachoka hata kucheka.

*

Basi katika hali hiyo ndipo uchumba wa Amran ulipokuja.

Amran alikuwa fundi cherehani karibu na mahali malori ya kwenda Merti yanapopakia. Kuno, dereva wa lori moja, alimletea kanzu ipunguzwe, kisha suruali, kisha nguo ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Amran alimweleza habari ya mguu wa babake mapema, hakumficha. Kuno akasema yeye anaoa msichana, haoi mguu. Ila akamwomba jambo moja: wazee wake wasijue mpaka mambo yawe yameiva. Wazee wa kwao Merti, alisema, wakisikia neno kama hilo wanarudi hata kama wameshavuka mto.

Hili lilimpata Tiya pabaya. Kabla ya Kuno palikuwa na kijana mwingine, wa hapa hapa mjini, na watu wake waliingia, wakakaa, wakanusa, wakakumbuka kwamba wana mgonjwa hospitali. Hawakuonekana tena. Amran hakulia. Alishona siku nzima, na tangu hapo akawa hali chakula katika chumba anachokaa babake.

Hirbo, mdogo wake Huqa, dalali katika soko la mifugo, ndiye aliyeleta dawa ya jambo hilo. Hirbo alikuwa mtu wa kuuza ng'ombe aliyekonda kwa maneno manene. Akasema ni rahisi. Wageni wakija wataambiwa Huqa yuko Kulamawe na ngamia, na yeye ami wa msichana atapokea kwa niaba yake. Nikahi ikifika, Huqa atatoa uwakili kwa mdomo nyuma ya pazia, sheikh asikie, yaishe. Alipomaliza akamgeukia Tiya na kusema, "Shemeji, ni uongo mdogo, hauna hata mkia."

Tiya alitegemea mumewe akasirike. Huqa aliutazama mguu wake, ukiwa juu ya mto wa magunia, akasema, "Semeni niko Kulamawe. Hata mimi ningependa kuwa huko."

Amran alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. Aliposikia babake amekubali, aliinama akaanza kuokota nyuzi zilizonata kwenye sketi yake, moja moja, mpaka Hirbo akaondoka.

*

Wageni walikuja baada ya swala ya adhuhuri. Aliyewaongoza alikuwa mzee Dahir, ami yake Kuno ambaye ndiye aliyemlea, mtu mrefu mwenye magoti mabovu na shuka jeupe begani. Walileta vitu vinavyoletwa: tumbaku, sukari, na mfuko wa buni zikiwa bado na maganda yake. Kwetu Waborana buni ndizo zinazosema. Wanaoomba huzileta, na upande wa msichana ukikubali huzikaanga kwa samli katika nyumba ile ile, zikatafunwa na wote waliopo, mbele ya macho ya wote. Zikikaa bila kukaangwa, hapana neno bado.

Nyumba ilikuwa imefukizwa ubani tangu asubuhi mpaka macho yakawasha. Huqa alikuwa chumba cha nyuma, pazia limeteremshwa, mguu umefungwa leso tatu moja juu ya nyingine na mfuko wa nailoni juu yake, na simu yake imezimwa. Kati yake na wageni palikuwa na pazia la maua na hatua chache.

Hirbo akapokea salamu, akaeleza. Ndugu yake yuko Kulamawe. Ngamia wanazaa wakati huu, hawezi kuwaacha. Mzee Dahir akasikitika, akasema basi apigiwe simu ajue kwamba wamefika, wamsalimie tu. Hirbo akasema simu yake haina moto, anategemea ile mashine ya jua ya kuchajia.

"Kwani Kulamawe leo hakuna jua?" akauliza Dahir.

Watu wakacheka, Hirbo akacheka kuliko wote. Kutoka nyuma ya pazia Tiya alisikia pumzi ya mumewe ikikatika na kurudi, akajua naye amecheka. Hapo Hirbo akanyoosha mikono kuuchukua mfuko wa buni. Mzee Dahir hakuuachia. Aliuweka katikati ya miguu yake, kwa adabu, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke.

Akasema kwamba yeye ni mtu wa zamani, wamsamehe. Binti haombwi kwa ami yake hali babake anapumua. Kama baba amefungwa na mifugo, mwombaji ndiye anayetembea, si baba. Tena ni heshima kwa upande wao kumfuata mtu mpaka kwenye boma lake, wakaona na ngamia. Kuno alikuwa na pikapu ya kuazima, basi kesho asubuhi wangetoka.

Hirbo alijaribu kila njia. Barabara mbovu. Ngamia wanahama. Pengine amevuka upande wa pili.

"Ngamia hawafichiki," Dahir akasema. "Tutauliza."

Wageni walipotoka Hirbo alikaa chini ghafla kama mtu aliyekatwa kamba. Akatoa simu yake, akampigia binamu yao wa Kulamawe, akampanga: akija mzee mrefu mwenye shuka jeupe aambiwe Huqa alikuwepo jana, ameondoka, ameelekea kwenye visima vya mbele. Tiya alimwuliza na huko kwenye visima je. Hirbo akasema atampigia mtu wa visima. Akaulizwa na baada ya visima. Akamwambia Tiya yeye apike tu, mambo ya wanaume amwachie.

*

Kesho yake Tiya alikwenda kufukiza vyombo kwa Asho na mikono yake ikasahau kazi. Aliacha kijiti kikawaka moto badala ya kutoa moshi, jerikeni ya plastiki ikajikunja. Asho akaichukua, akaitazama, akaitupa uani bila neno. Halafu akamwambia akae amweleze.

Tiya akaeleza yote. Asho alisikiliza huku akikuna kifundo cha mkono, akasema kwamba kwao wapo waliomficha babu kwa sababu ya madeni, wapo waliomficha kijana kwa sababu ya polisi, lakini hajawahi kusikia mtu anafichwa ndani ya nyumba yake na anatafutwa porini na mtu anayetaka kumheshimu.

"Dada," akasema, "yule mzee ana magoti mazima?"

"Mabovu. Kukaa chini tu alishikwa mikono."

Asho akapiga ulimi kinywani, basi. Tiya angependa amgombeze. Kugombezwa kungekuwa nafuu.

Nyumbani Huqa alikataa chakula. Alikuwa akiuliza kila saa kama wamepiga simu, kama wamefika, kama mvua imenyesha upande ule maana kuna bonde ambalo gari hunasa. Alikuwa akiwafuata njia nzima kichwani. Sasa watakuwa wamefika kwenye miti ile mitatu. Sasa watakuwa wanashuka. Akasema binamu yake asipowapa maziwa atakuwa amemwaibisha. Tiya akamkumbusha kwamba wanakwenda kumtafuta yeye. Huqa akasema anajua. Ila ni wageni wake, na wako kwenye nchi yake, na wana kiu.

Ndipo Tiya alipoona kitu ambacho katika kuosha na kufunga na kuanika hakuwa na nafasi ya kukiona. Watu walipomwacha Huqa hawakuukimbia mguu peke yake. Hakuna aliyekuja tena kumwomba chochote, wala ushauri, wala chumvi, wala fahali wa kupandisha. Mtu asiyeombwa kitu, hata akiwa na watoto, anakuwa kama kisima kilichofunikwa. Sasa yuko mzee anayekwenda kuvunja magoti yake porini ili amwombe Huqa kitu, na wao wa nyumbani kwake ndio waliomzuia asimfikie.

Lakini akimtazama Amran akipiga cherehani yake ya nyumbani, mgongo umepinda, meno yameuma uzi, wazo lile linarudi nyuma. Binti ndiye aliye mbele ya maisha. Huqa ameshaishi. Tiya alijisikia akifikiri hivyo, Huqa ameshaishi, akaona aibu, akaenda kukusanya nguo kavu.

*

Walirudi siku ya pili, baada ya alasiri. Hirbo alikuwa ameshafika na kukaa kwenye kiti kikubwa akiwasubiri, maana watu wake walikuwa wamempa habari njia nzima. Pikapu ilisimama nje ikiwa na rangi ya udongo. Mzee Dahir akashushwa na Kuno, akasimama kwanza akishikilia mlango wa gari mpaka miguu yake ikakubali. Shuka lake halikuwa jeupe tena. Mfuko wa buni ulikuwa mkononi mwake.

Aliomba maji. Tiya akamletea, akanywa, akashukuru. Kisha akaeleza kwa upole walivyofika Kulamawe wakaambiwa ameondoka jana, wakaenda visimani wakaambiwa ametoka asubuhi, wakalala chini ya gari, wakafuata nyayo za ngamia ambao walikuwa wa mtu mwingine kabisa. Hakulalamika. Kuno alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Hirbo akaguna kwa masikitiko, akasema aa, mmepishana naye, hawa ngamia wa siku hizi hawatulii, pengine ameshika njia ya Kipsing.

Kipsing iko upande wa pili kabisa wa mji. Hata Kuno aliinua macho.

Mzee Dahir akafikiri. Akasugua goti. Akasema, "Basi kesho tutajaribu Kipsing. Si neno. Mtu akitafuta mke hachoki mapema."

Kama angekasirika, Tiya angenyamaza. Mtu mkali unaweza kumdanganya na usiku ukalala. Lakini ile "si neno", imesemwa na mtu aliyekuwa na vumbi kwenye kope, ilimkalia Tiya kifuani ikakataa kushuka. Aliweka sinia chini.

Hirbo alikuwa ameanza kueleza njia ya Kipsing.

"Hirbo, nyamaza," Tiya akasema. Hakuwahi kumwambia hivyo maishani. "Mzee, usiende Kipsing. Huqa yuko nyuma ya pazia hilo. Hakuwahi kutoka. Ana mguu uliooza, unanuka, hakuna anayekuja kwetu kwa sababu yake. Tuliogopa mtamwacha msichana."

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya bodaboda akiita abiria wake. Amran alitokea mlango wa jikoni, akasimama, akaweka kiganja mdomoni.

Mzee Dahir alilitazama pazia muda mrefu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa chini, na ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa chini. "Siku ile ya kwanza, niliposema habari ya jua, alikuwa hapo?"

"Alikuwa hapo."

"Alinisikia nikisema nitamfuata."

"Alikusikia."

"Mimi nimetayamamu kwa mchanga jana na leo. Nimelala chini ya gari kama mbwa wa kituo. Nimeuliza watoto wa watu, mmemwona baba yenu Huqa, mmemwona, wananionyesha huku na huku." Akamgeukia Kuno. "Na wewe ulikuwa unaendesha."

Kuno akasema, "Niliogopa utakataa, Aba."

"Ningekataa," Dahir akasema. "Pengine ningekataa. Lakini ningekataa nikiwa nimekaa."

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya Huqa, kavu, ya mtu ambaye siku hizi huzungumza na mtu mmoja tu. "Ingia, ndugu yangu. Uvumilie harufu."

Mzee Dahir akainuka. Tiya alikwenda kushika pazia. Nisiwadanganye kwamba mzee aliingia kama malaika. Alipofika mlangoni harufu ilimpiga, akarudi nyuma nusu hatua, akaziba pua na ncha ya shuka. Hakukaa kitandani wala karibu yake. Alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu ya mlango, nusu ndani nusu nje. Akamwuliza Tiya kama unaambukiza, naye akamweleza alivyosema tabibu, mwiba na udongo, si mtu kwa mtu. Akauliza kama watoto huzaliwa nao. Tiya akasema hapana. Akatikisa kichwa bila kuonyesha kama ameamini.

Halafu akashusha shuka puani, akaanza salamu.

Salamu zetu ni ndefu. Mtu wa mjini huzifupisha, husema salaam aleikum, akapita. Zile zenyewe zinauliza amani ya mtu, amani ya nyumba, amani ya mifugo mikubwa na midogo, mvua, malisho, maji, usiku ulivyokucha, na kila swali lina jibu lake na kila jibu linarudisha swali. Dahir aliziuliza zote. Huqa alijibu la kwanza kwa kukwama, la pili likaja lenyewe, na alipofika kwenye malisho alikuwa ameketi wima, mto umeanguka, anajibu kama mtu aliyesimama mbele ya zizi lake. Tiya alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kumsalimia mumewe mpaka mwisho. Hakukumbuka.

Zilipokwisha, Dahir akasukuma mfuko wa buni sakafuni kwa mkono mpaka ukafika karibu na kitanda. Akasema, "Nimekuja kukuomba binti."

Hirbo alisogea. Kuno alisogea. Kila mtu alijua neno linalofuata, ni moja tu, na Huqa alikuwa akingojewa alitoe tangu wiki ile ianze.

Huqa alijifunika mguu vizuri. Akasema, "Nimesikia. Sitakujibu leo. Nina ndugu wa kuuliza, nina mke wa kuuliza, na msichana mwenyewe sijamsikia. Njoo Jumamosi."

Kwa kweli ndivyo baba anavyojibu. Hakuna baba wa Kiborana anayesema ndiyo siku ya kwanza, kana kwamba binti ni mzigo alioupanga mlangoni usubiri mchukuzi. Lakini katika nyumba ile, na mguu ule, baada ya uongo ule, Hirbo alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Mzee Dahir alimtazama Huqa. Mdomo wake ulitikisika upande mmoja, haikujulikana kama ni hasira au nini. Akanyoosha mkono Kuno amwinue.

"Jumamosi," akasema, akaondoka.

*

Siku za kati zilikuwa ndefu. Hirbo alikuja kila siku kulaumu. Alisema ndugu yake amepewa samaki mkononi akamrudisha majini. Amran hakulaumu kwa sauti. Alimwambia mamake mara moja tu, wakiwa wanachambua mchele, kwamba babake ameua harusi yake ili ajisikie mzee kwa dakika kumi. Tiya alifikiri huenda ni kweli. Aliendelea kuchambua.

Siku iliyofuata Huqa alimwita binti yake. Amran akaingia na kusimama. Huqa akamwuliza kama anamtaka yule dereva. Amran akajibu kwa hasira kwamba anamtaka, kwamba amemtaka tangu mwanzo, kila mtu anajua. Huqa akasema yeye hakujua, hakuna aliyemwambia, alisikia tu nyuma ya pazia. Amran akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Tiya alikuwa sebuleni na hakusikia yaliyobaki, ila walikaa sana, na Amran alipotoka alichukua tepu yake ya kupimia akaenda kupima mguu wa babake, akamshonea soksi kubwa ya kitambaa cheusi, yenye kamba za kufunga pembeni.

Jumamosi walikuja. Walikuja wachache. Mzee Dahir, Kuno, na wazee wawili wa ukoo wao wanaokaa mjini. Wanawake wao hawakuja hata mmoja, na wanawake ndio wanaokuja na samli na kupiga vigelegele. Falis, mke wa Dahir, alituma salamu kwamba ana homa. Tiya alisema Mungu amponye.

Huqa alikuwa amebebwa na Hirbo na Kuno mpaka kiti cha sebuleni. Akapokea mfuko wa buni kwa mikono miwili, akasema tumekubali, akaomba baraka, wakaitikia. Tiya na Asho wakakaanga jikoni, Asho akakoroga samli kwa mwiko huku akilalamika moshi. Buni zilipopasuka na kunukia, Tiya akazimimina kwenye bakuli la mti, akatia maziwa, akapeleka.

Bakuli lilianza kwa Huqa. Akatafuna, akapaka samli kiganjani na kwenye paji la uso. Akampa Dahir, naye akatafuna, taratibu, akitazama mbele. Kuno akala kama mwenye njaa. Wale wazee wawili wakachukua kila mmoja wake, wakasema bismillahi, mikono ikapanda mdomoni ikashuka. Tiya alikuwa amesimama upande wao. Aliona buni zimebaki viganjani, na kiganja cha mmoja kikiingia polepole mfukoni mwa koti.

Mzee Dahir aliona pia. Alisukuma bakuli lirudi kwa Huqa, wakaanza kupanga siku ya nikahi.

Tiya akarudi jikoni na sinia tupu. Asho alikuwa amechungulia mlangoni.

"Wale wawili hawajala," Asho akanong'ona.

"Nimeona."

"Na wale wanawake wao watamwonyesha huyo mtoto wako huko Merti. Watamfanyia visa."

"Najua."

"Sasa utafanya nini?"

Tiya, ambaye hakuwa amekaa tangu alfajiri, akaangalia kigoda, kilikuwa na mfuniko wa sufuria juu yake. Akauondoa mfuniko, akauweka chini.

"Nitakaa kwanza," akasema, akakaa.